Samaki wakifa, usikimbilie dawa ya kuku

Kwako Mhariri,

Joto likizidi katika Ghuba ya Winam, upande wa Kenya wa Ziwa Victoria, na tena mvua za kwanza zinapovuruga maji, simu za wauzaji wa dawa za mifugo huanza kulia kuanzia Homa Bay hadi Busia: samaki wanaelea, nipe dawa. Muuzaji, ambaye hajamwona hata samaki mmoja, hutoa pakiti ya oksitetrasaiklini, antibiotiki ya kuku. Mfugaji huimwaga kidimbwini. Samaki huendelea kufa siku nne tano, kisha vifo hupungua vyenyewe kwa sababu waliodhoofika wamekwisha, na dawa ikapata sifa. Hakuna aliyejua samaki wale walikuwa wanaugua nini. Na kwa namna sampuli zinavyobebwa siku hizi, hata maabara iliyo bora kuliko zote nchini isingeweza kumwambia mfugaji.

Kabla bakteria hawajashtakiwa, maji yahojiwe. Samaki waliokosa oksijeni hufa kwa mkupuo: usiku mmoja, hasa kati ya saa kumi alfajiri na macheo, wakubwa wakiwatangulia wadogo, na jioni yake walikuwa wamekula vizuri. Utawakuta midomo wazi, vifuniko vya mashavu, yaani viungo vya kupumulia, vimepanuka, na walio hai wamepanda juu wakihema. Vizimbani, yaani kwenye nyavu za kufugia zilizotiwa ziwani, hali hii huja upepo mkali unapolipindua ziwa na kuleta juu maji ya chini yasiyo na hewa. Kwenye vidimbwi ni maji ya kijani kilichokolea, yaliyozidishiwa mbolea, yakifuatwa na siku mbili tatu za mawingu. Bakteria hawana haraka hiyo. Leo watatu, kesho watano, keshokutwa kumi na wawili, na kabla ya hapo chakula kilishaanza kubaki juu ya maji. Daftari la vifo linaloandikwa kila asubuhi huonyesha tofauti hiyo bila kifaa chochote. Mwenye kipimo cha oksijeni apime saa kumi na mbili asubuhi. Akipima mchana, mwani utakuwa umeshayajaza maji hewa na kipimo kitamdanganya. Ngege (tilapia) anataka miligramu 4 au zaidi kwa lita, na chini ya 2 yuko taabani. Ila mambo haya mawili huweza kufuatana: kundi lililonusurika usiku wa hewa haba linaweza kuanza kufa kwa bakteria siku chache baadaye, kwa hiyo jibu la kwanza lisifunge mjadala.

Tukishafika kwa bakteria, mwili wa samaki husema mengi, lakini hausemi yote. Ngege mkubwa wa gramu 200 au 300 anayezunguka kama pia, jicho limetoka nje au limefunikwa na utando mweupe, mwili umejipinda, tena wakati maji yamepita nyuzi 27, huyo humfanya mchunguzi afikirie bakteria aitwaye Streptococcus. Ugonjwa huu ni ghali kwa sababu huwapata samaki ambao wameshamaliza mifuko ya chakula. Kifaranga wa samaki aliyehamishwa juzi kwa wavu, sasa ana baka jeupe mgongoni mithili ya tandiko la punda, na mashavu yake yamegeuka rangi ya kahawia ya manjano na kuoza pembezoni, anaelekeza kwa Flavobacterium columnare. Tumbo lililojaa maji, vidonda vyekundu, mapezi yaliyoliwa: wengi hapo hutamka Aeromonas, na mara nyingine wako sahihi. Lakini Edwardsiella na Pseudomonas nao huacha alama zile zile. Na samaki akipasuliwa akakutwa na bandama na figo zilizojaa vijinundu vyeupe mfano wa punje za wimbi, orodha hubadilika kabisa: Francisella, au bakteria wa jamii ya kifua kikuu cha samaki. Macho peke yake hayawezi kuwatenganisha hao.

Kuna kipimo ambacho hakihitaji maabara ya mbali, na ni aibu kwamba hakifanywi kando ya vidimbwi. Chukua samaki aliye hai lakini mgonjwa, kata ncha ndogo ya shavu lake la ndani, ukubwa wa punje ya mchele au chini ya hapo, iweke juu ya kioo, dondoshea tone la maji ya kidimbwi hicho hicho, funika na kioo chembamba, tazama kwa hadubini ukianza na lenzi ya 10 kisha ya 40. Usitumie maji ya bomba. Klorini yake huweza kuwaua wadudu wadogo (vimelea) unaowatafuta, nao wadudu wengi hutambulikana kwa mwendo wao. Fanya vivyo hivyo kwa ute uliokwanguliwa ubavuni. Dakika kumi zinatosha kuonyesha kama kuna Trichodina, wale wa mviringo wanaozunguka kama gurudumu, au minyoo ya mashavu yenye ndoano. Wadudu hao ndio hufungua mlango wa bakteria, na ukiwatibu bakteria ukawaacha wao, ugonjwa utarudi. Kwenye kioo hicho hicho columnare hujitambulisha: vijiti virefu vyembamba vinavyoteleza polepole na kurundikana kama vichuguu vya nyasi kavu pembeni mwa nyama ya shavu. Ukiviona, usingoje sahani ya maabara, ile yenye lishe ya kuoteshea bakteria. Bakteria huyu humaliza tangi la vifaranga kwa siku moja au mbili. Punguza msongamano, ondoa mizoga, simamisha kupima uzito na kuhamisha, na kwenye matangi chumvi ya gramu 1 hadi 3 kwa lita humpunguzia nguvu ya kushika mwilini.

Kosa linaloharibu karibu kila kitu kinachofuata ni sampuli. Samaki aliyekutwa ameelea, akatiwa kwenye karatasi ya plastiki, akasafirishwa kwa matatu mchana kutwa, hafai kwa uchunguzi wa bakteria. Aeromonas ni mkazi wa kawaida wa maji ya vidimbwi na wa utumbo wa samaki asiye mgonjwa. Samaki akifa katika maji ya nyuzi 27, saa chache tu zinatosha bakteria wa utumbo kuingia kwenye ini, figo na damu. Mchunguzi akipandikiza sampuli ya figo ile kwenye sahani, Aeromonas ataota, tena kwa wingi, na ripoti itaandika Aeromonas. Mfugaji huondoka na jina la mzoaji taka badala ya la muuaji. Usishangae basi kwamba ripoti nyingi zinafanana.

Sampuli inayofaa ni samaki wanne hadi sita walio hai na wenye dalili, wale wanaoogelea kwa shida pembeni au wanaozunguka, pamoja na wawili wazima wa kulinganisha. Wabebwe kama wauza vifaranga wanavyobeba mali yao: mifuko miwili ya plastiki, mmoja ndani ya mwingine, theluthi moja maji ya kidimbwi na theluthi mbili oksijeni, mdomo umekazwa kwa mpira, kisha ndani ya katoni ili jua lisiupige. Safari ianze asubuhi mapema. Oksijeni isipopatikana, samaki auawe papo hapo bila kuteswa, kwa mafuta ya karafuu: mililita 0.4 kwa kila lita ya maji, yakivunjwa kwanza kwa spiriti kidogo maana mafuta hayachanganyiki na maji yenyewe. Aachwe humo dakika kumi baada ya mashavu kuacha kupepea. Kisha kila samaki kwenye mfuko wake, katikati ya barafu, na afike maabara siku hiyo hiyo. Saa 24 ndio mwisho. Barafu, narudia, wala si friza. Kugandisha huua baadhi ya bakteria na kupasua chembe za nyama, na mtaalamu wa kuangalia tishu akipewa ini lililogandishwa hana atakachosoma.

Kwa uchunguzi wa tishu, fomalini ya asilimia 10 ndiyo inayotakiwa, yaani sehemu moja ya fomalini ya dukani kwa sehemu tisa za maji, ikiwa imetiwa chumvi za kutuliza asidi. Vipande vya shavu, ini, bandama, figo na ubongo visizidi unene wa nusu sentimita, na fomalini iwe mara kumi ya ujazo wa nyama. Watu huchovya samaki mzima wa nusu kilo kwenye chupa ya fomalini bila hata kumpasua. Nje hukauka kama ubao na ndani huoza. Kipande kingine kidogo kiingie kwenye ethanoli ya asilimia 95 kwa ajili ya kipimo cha vinasaba, hasa kwa kuwa virusi vya ngege, vile vinavyoitwa TiLV (Tilapia Lake Virus), vimeshapatikana kwa kipimo hicho katika samaki wa Ziwa Victoria upande wa Uganda na Tanzania. Virusi wakiwa chini, bakteria huja juu, na ukitibu cha juu peke yake utashangaa kwa nini dawa haifui dafu. Chupa ya fomalini isichanganywe kamwe na sampuli ya bakteria. Hata mvuke wake huua.

Karatasi inayoambatana na samaki ina uzito sawa na samaki wenyewe. Iandikwe: idadi ya samaki waliomo, umri na uzito wa wastani, waliokufa kila siku kwa siku saba zilizopita, joto la maji na oksijeni asubuhi na jioni, chakula gani na kimebaki kiasi gani, wavu uliingia lini mara ya mwisho, vifaranga wapya walitoka wapi. Na kuliko yote: dawa gani imeshatumika. Wafugaji huficha hili kwa kuogopa kukemewa. Samaki aliyekula antibiotiki jana anaweza kutoa sahani tupu leo, na mchunguzi asiyejua ataandika kwamba hakuna bakteria.

Sasa upande wa maabara, ambao nao una deni. Maabara nyingi zilizo karibu na wafugaji zilijengwa kwa ajili ya ng'ombe, kuku au binadamu, na kwa mazoea sahani huwekwa kwenye nyuzi 37. Samaki hana joto hilo. Baadhi ya bakteria wake huota vibaya hapo au hawaoti kabisa. Nyuzi 25 hadi 30 ndizo zinazofaa, kwa saa 24 hadi 48, na sahani zisitupwe kabla ya wiki kwa walio wazito kuota. Mahali pa kuchukulia sampuli pia pana maana. Figo ya samaki haifanani na ya mbuzi. Ni utepe mwekundu uliokoza, umelala chini ya uti wa mgongo nyuma ya kibofu cha hewa. Ngozi ipanguswe kwa spiriti ya asilimia 70, kisu kipitishwe motoni, utumbo usiguswe wala kutobolewa, ndipo kitanzi cha kupandikizia kichomekwe kwenye figo. Kwa samaki anayezunguka, ubongo ndio wa kwanza kufunguliwa. Kuotesha sampuli ya figo tu kwa samaki wa Streptococcus ni kujinyima ushahidi ulio bora.

Sahani iliyoota koloni za aina moja, zinazofanana, kutoka figo au ubongo wa samaki kadhaa, ina jambo la kusema. Sahani yenye rangi tano tofauti ni maji machafu tu. Baada ya hapo vipimo vya kwanza ni rahisi na bei yake ni ndogo. Changanya koloni moja na tone la potasiamu hidroksaidi ya asilimia 3 juu ya kioo, subiri nusu dakika, inua sindano: ute ukivutika kama uzi wa bamia, ni wa kundi la Gram hasi, moja ya makundi mawili makuu ya bakteria. Dondosha haidrojeni peroksaidi kwenye koloni nyingine uone kama itatoa povu. Kisha kipimo cha oksidesi, kinachogeuka zambarau kwa sekunde chache. Streptococcus hana uzi wala povu, na kwenye hadubini ni vidoti vilivyofuatana kama shanga. Aeromonas ana uzi, ana povu, na hugeuka zambarau. Edwardsiella ana uzi na povu, lakini hageuki. Hapo umeshagawanya washukiwa wakubwa kabla ya saa sita mchana. Vile vibao vya vipimo vingi vya kununua, vinavyotoa jina kwa namba, hifadhidata zake zilitengenezwa zaidi kwa bakteria wa binadamu na huwabatiza bakteria wa samaki majina ya ajabu. Visitegemewe peke yake.

Wapo wasioota kwenye sahani ya kawaida. Columnare hutaka aga (lishe iliyoganda ya kwenye sahani) yenye virutubisho kidogo, ambako hutoa koloni za manjano zenye mizizi pembezoni. Francisella hutaka aga iliyotiwa sistini (asidi amino) na damu, naye huchukua siku kadhaa. Kwa hiyo samaki mwenye vinundu kama wimbi akipewa ripoti ya "hakuna kilichoota", ripoti hiyo haijamsafisha. Inatakiwa rangi ya kutambua bakteria wa kifua kikuu, kipimo cha vinasaba na tishu.

Mfugaji anayo haki ya kudai ripoti inayoeleza bakteria walipatikana kwenye kiungo gani, kwa samaki wangapi kati ya wangapi, peke yao au wamechanganyika, kwa joto gani, na dawa zipi ziliwazuia kwenye sahani. "Streptococcus, ubongo wa samaki 4 kati ya 5, koloni safi" ni jambo la kufanyia kazi. Neno "Aeromonas" peke yake kwenye karatasi yenye muhuri halina faida kwa mtu yeyote, hata muhuri ukiwa mzuri namna gani.

Turudi kwenye ile pakiti ya kuku, maana hesabu yake inastahili kupigwa hadharani. Chukua kidimbwi cha mita 300 za mraba, kipimo kilichochimbwa kote nchini na mpango wa serikali wa kuchochea uchumi mwaka 2009, chenye kina cha mita moja. Hayo ni maji lita 300,000. Pakiti ya gramu 100 yenye dawa asilimia 20 ina gramu 20 za dawa halisi. Ukiimwaga humo, kila lita inapata miligramu 0.07 hivi, na sehemu ya hiyo hushikwa na kalsiamu na magnesiamu iliyomo majini isifanye kazi. Kiasi hicho hakimuui bakteria wa ndani ya samaki, ila kinatosha kuwazoeza wa nje. Dawa hii kwa samaki hupitia chakula. Tuseme wamo ngege 900 wa gramu 200, yaani kilo 180. Kwa miligramu 75 kwa kila kilo ya samaki, wanahitaji gramu 13.5 za dawa halisi kwa siku, siku kumi mfululizo, ndani ya chakula cha kilo 3.6 hivi. Na hapo pana mtego: samaki mgonjwa hali. Wakila nusu ya chakula wamepata nusu ya dawa, na walioila ni wale wenye nafuu. Ndiyo maana siku mbili za kuchelewa kupeleka sampuli huwa ghali kuliko maabara yenyewe. Kipimo hiki kiamuliwe na daktari wa mifugo akiwa na ripoti mkononi, pamoja na muda wa kusubiri kabla ya kuvua kwa ajili ya soko. Ngege aliyemaliza dawa jana hatakiwi sokoni Jubilee kesho.

Neno kwa wanaopasua samaki, wawe wachunguzi au akina mama wanaoparua magamba: baadhi ya bakteria hawa humpata binadamu. Streptococcus iniae huingia kupitia mkono uliochomwa na mwiba wa pezi, na Mycobacterium marinum huacha kidonda cha mkono kisichopona kwa wiki nyingi. Glavu zivaliwe, na anayekwenda hospitalini na kidonda cha namna hiyo amwambie daktari kwamba anashika samaki. Bila hivyo daktari hatafikiria.

Ninachoziomba serikali za kaunti za Kisumu, Siaya, Homa Bay, Busia na Migori ni kitu kidogo. Hadubini haina umaarufu wa kupigiwa picha kama vifaranga wanaomwagwa kidimbwini mbele ya wageni, lakini moja kwa kila kaunti ndogo yenye vizimba, ikiwa na afisa wa uvuvi aliyefundishwa kutazama shavu la samaki, ingeokoa mali nyingi. Pembeni yake kiwepo kikasha cha barafu, mifuko ya plastiki, mtungi wa oksijeni, vichupa vya fomalini na ethanoli vilivyopimwa tayari, mafuta ya karafuu, kipimo cha oksijeni, na fomu ya maelezo kwa Kiswahili na Kidholuo. Sanduku hilo likae kwenye afisi iliyo karibu na ufuo, na ufunguo wake uwe na mtu anayefika kazini alfajiri. Nazo maabara, iwe ni taasisi ya utafiti wa uvuvi Kisumu au maabara za uchunguzi wa mifugo za Kericho na Nakuru, zibandike kwenye kila ufuo namba ya simu ya kupigwa kabla samaki hawajatiwa mfukoni, ili sahani ziandaliwe, mashine ya kuoteshea bakteria iwekwe nyuzi 28, na mfugaji ajue kama siku hiyo kuna mtu wa kuwapokea.

Mchunguzi wa magonjwa ya samaki,
Kisumu